MWALIMU NA MZAZI WAJUANE KABLA YA KOSA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika makala haya ningependa kueleza namna walimu wanavyoweza kujenga uhusiano mwema na wazazi, na pia na sisi wanafunzi, hasa katika shule za kutwa za huku kwetu Kitui na Makueni. Nimechagua mada hii kwa sababu wengi wetu huiona kama mambo ya watu wazima, ilhali yakiharibika tunaoumia ni sisi. Si mnajua wapiganapo fahali wawili nyasi ndizo huumia?

Mwanafunzi wa bweni akishafikishwa shuleni huwa chini ya mwalimu hadi likizo. Sisi wa kutwa ni tofauti. Alfajiri tunatoka mikononi mwa mzazi, saa moja na nusu tuko mikononi mwa mwalimu, jioni tunarudi kwa mzazi tena. Tunabadilishiwa walezi mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Hata hivyo, walezi hao wawili wanaweza kumaliza miaka minne bila kuzungumza hata mara tano. Karibu kila kitu wanachojua kuhusu mwenzao wamekisikia kutoka kwetu, na sisi, tuseme ukweli jamani, hupenda kusema kile kinachotufaa.

HALI ILIVYO

Hebu msomaji, fikiria ni lini mzazi wako huitwa shuleni. Ataitwa ukipigana, ukitoroka, ukipatikana na simu, au ukiwa na deni la pesa za chakula. Mara nyingine ataitwa kwenye mkutano wa wazazi wote. Hapo ataketi kwenye benchi chini ya hema, asikilize hotuba nne, aambiwe kwamba matokeo yameshuka na kwamba tangi la maji linavuja. Kisha atarudi nyumbani bila kuambiwa neno lolote juu ya mtoto wake mwenyewe. Kwa hivyo mzazi hujifunza jambo moja tu: shule ikimtafuta, kuna balaa au kuna deni.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa biashara ya wazazi wa kukodi. Mambo haya yametokea sehemu nyingi za Kenya, wala si siri. Mwanafunzi akiambiwa alete mzazi, anakwenda stendi na kumlipa mwendeshaji wa boda boda aje ajifanye baba au mjomba. Katika shule moja ya jirani, ambayo sitaitaja, kijana mmoja alimleta 'baba' wa namna hiyo. Mwalimu wa zamu hakuonyesha kushuku. Alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akasema:

"Mzee, kijana huyu ni wa ngapi katika wale watoto wako?"

"Ni wa... ni wa katikati, mwalimu."

"Na mama yake ameshapona? Kijana alituambia alilazwa."

"Ndiyo, ameshapona kabisa, tunamshukuru Mungu."

Kumbe mama yake kijana alikuwa amekuja shuleni asubuhi hiyo hiyo, akiwa mzima, na alikuwa ameketi katika ofisi ya pili anasikia yote. Tulipohadithiwa kisa hiki tulicheka hadi machozi. Lakini kinasikitisha pia. Kama mwalimu angekuwa amewahi kumwona baba halisi hata mara moja, hilo jaribio lisingefanyika. Boda boda anakodiwa kwa sababu mtoto anajua kwamba shule haimjui mzazi wake hata kwa sura.

SABABU ZA KUTOELEWANA

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba wazazi wa huku hawajali masomo. Nimesikia pia wazazi wakisema walimu wana maringo. Mimi naona kuna sababu nne ambazo pande zote mbili hazijaelezana.

Kwanza ni umbali na kazi. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, na sehemu kubwa yake ni kame. Ukivuka Mto Athi uingie Makueni, watu wa vilima vya Mbooni na Kilungu hupata mvua nzuri kidogo, lakini ukiteremka kuelekea Kathonzweni au Kibwezi hali ni ile ile ya kwetu. Mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndiyo ya kupanda mahindi, kunde, pojo na mbaazi. Sasa mkutano ukiitishwa Novemba, asubuhi baada ya mvua kunyesha, mzazi atakwenda shambani. Hiyo si dharau. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu nyingi za Pembe ya Afrika, Ukambani ikiwamo. Mtu aliyepitia hayo haachi mvua ipite ati kwa sababu ya hotuba.

Pili, wazazi wengi hawako nyumbani. Wako Nairobi na Mombasa wakitafuta riziki, na mtoto ameachwa kwa nyanya, ambaye sisi Wakamba humwita susu. Susu anapelekewa barua iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nani atamsomea? Ni yule yule mjukuu ambaye barua inamshtaki! Hapo barua inaweza kugeuka kuwa mwaliko wa sherehe au ombi la mia mbili za 'mazoezi'.

Tatu ni pesa. Mwaka 2008 serikali iliondoa karo ya mafunzo katika shule za upili za kutwa, na mwaka 2018 ikapanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mzazi aliyasikia hayo redioni: elimu ya bure. Halafu mtoto anarudishwa nyumbani kwa pesa za chakula cha mchana. Mzazi anaona ameibiwa. Mwalimu naye anajua kwamba chakula hakimo katika zile pesa, na kwamba pesa zenyewe hutokea zikachelewa. Wote wawili wana haki ya kukasirika, ila wanakasirikiana wao kwa wao. Dakika kumi za kueleza hesabu waziwazi zingetosha kuondoa nusu ya hasira hiyo.

Nne ni kumbukumbu ya kiboko. Mzazi aliyesoma zamani anakumbuka shule kama mahali pa kuchapwa. Viboko viliondolewa katika kanuni za shule mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu yoyote ya kumwumiza au kumdhalilisha mwanafunzi. Lakini mtu hatoi woga wake kwa sababu sheria imebadilika. Kuna wazazi ambao hadi leo wakifika langoni huongea kwa sauti ya chini, wakisimama nje ya ofisi kana kwamba wao ndio waliochelewa kuingia darasani.

MFANO WA KERIKO

Kuna shule ya kutwa iliyotufunza kwamba mambo yanaweza kubadilika. Inaitwa Keriko, ni ya mseto kama nyingi za huku, na iko katika kijiji cha Pwani, Njoro, Kaunti ya Nakuru. Mwalimu wake mmoja wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, alipata Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mjini Dubai mwezi wa Machi 2019. Tuzo hiyo ilikuwa ya dola milioni moja za Marekani.

Wengi wetu tulisikia habari za hizo dola, na kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wengine. Lakini kilichonivutia mimi ni kitu kidogo zaidi. Yeye na walimu wenzake wanne walikuwa wakiwafunza wanafunzi dhaifu mmoja mmoja nje ya masomo na wikendi, na mwishoni mwa wiki Tabichi alikuwa akitembelea nyumbani kwa wanafunzi na kukutana na familia zao ili ajue shida wanazopitia. Shule yenyewe ilikuwa na kompyuta moja tu. Karibu theluthi ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wengine walitembea kilomita saba kufika. Kwa hivyo tusiseme aliweza kwa sababu shule yao ilikuwa na mali.

Matokeo yalionekana. Ilitangazwa wakati wa tuzo kwamba visa vya utovu wa nidhamu vilishuka kutoka 30 kwa wiki hadi vitatu. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na vyuo. Mwaka 2018 walikuwa 26. Bila shaka kulikuwa na sababu nyingine pia, kama vile chama cha kukuza vipaji na chama cha amani alivyovianzisha. Lakini mwalimu anayeijua njia ya kwenu hawezi kukufunza kama mtu asiyekujua, wala wewe huwezi kumdanganya kirahisi.

Hata ng'ambo wameliona hili. Mjini Sacramento, Marekani, tangu 1998 kumekuwa na mpango wa walimu kutembelea nyumba za wanafunzi. Huenda wawili wawili, kwa hiari na kwa kuagana na mzazi, na ziara ya kwanza haiwi ya kushtaki. Mwalimu humwuliza mzazi ana matumaini gani juu ya mtoto wake. Ukitafakari, hilo swali ni rahisi sana, lakini ni wazazi wangapi wa huku wamewahi kuulizwa?

MAMBO AMBAYO MWALIMU ANAWEZA KUFANYA

Najua walimu wetu ni wachache na darasa moja lina wanafunzi wengi. Sisemi watembelee kila boma kutoka Mwingi hadi Mtito Andei. Nataja tu yale ambayo hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza, habari njema itangulie. Mwalimu wa darasa akipiga simu mbili tu kila Ijumaa, kwa muhula mmoja atakuwa ameongea na zaidi ya wazazi ishirini. Hapa kwetu mwalimu mmoja alijaribu. Alimpigia mama anayeuza nafaka sokoni. Yule mama alipoambiwa ni mwalimu, alishtuka hadi akaketi juu ya gunia la pojo, akauliza, "Mwalimu, amefanya nini tena?" Mwalimu akamjibu, "Hajafanya kosa, mama. Nilitaka tu ujue kwamba hesabu amepanda kutoka alama 31 hadi 52." Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwomba ayarudie hayo maneno ili jirani yake asikie.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Baada ya wiki kadhaa kijana yule akaanza kuchelewa. Safari hii ni mama mwenyewe aliyempigia mwalimu, kabla hajaitwa. Alieleza kwamba kisima cha karibu kimekauka, na kijana analazimika kwenda na punda alfajiri kuchota maji katika mchanga wa mto. Wakakubaliana maji yachotwe jioni, na mwalimu akamwondolea kijana adhabu ya kuchelewa. Je, kama ile simu ya kwanza isingepigwa? Kijana angeadhibiwa kila asubuhi, mama angeona shule haina utu, na pengine kijana angeacha masomo kabisa. Simu ya dakika mbili iliziba ufa kabla ya kuwa ukuta wa kujengwa.

La pili, lugha. Barua ya mzazi iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na mwalimu anapokutana na susu ambaye hajasoma, atafute mtu mzima wa kumtafsiria kwa Kikamba. Asimtumie mtoto anayeshtakiwa. Na heshima ianzie langoni. Mzazi apewe kiti na asalimiwe kabla ya mashtaka. Mtu akidharauliwa mbele ya mtoto wake, atakapofika nyumbani hataweza kumrudi mtoto huyo tena.

La tatu, mzazi aulizwe, asiambiwe tu. Sheria ile ya 2013 inasema kila shule iwe na Chama cha Wazazi, na mwenyekiti wake pamoja na wanachama wawili huingia katika halmashauri ya shule. Basi chama hicho kisiwe cha kuidhinisha michango pekee. Watu wa Ukambani wanajua kufanya kazi pamoja. Tuna mwethya, ambapo majirani hukusanyika kulima, kujenga au kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Shule nyingi za huku zilianza kwa harambee, wazazi wakileta mchanga, mawe na maji kwa mgongo. Na huko Makueni, serikali ya kaunti tangu 2013 imejulikana kwa kuwauliza wananchi kuanzia kijijini miradi wanayotaka. Kama mzee anaweza kuulizwa juu ya barabara na zahanati, kwa nini asiulizwe siku ambayo mkutano wa shule utamfaa? Mikutano midogo ya kidato kimoja kimoja, siku isiyo ya mvua wala ya soko, itajaa kuliko ule mkubwa wa hema.

La nne, mwanafunzi naye asikizwe. Uhusiano wa mwalimu na mzazi usiwe muungano wa kumkandamiza kijana. Sisi pia tuna la kusema. Ukambani tuna sababu ya kulikumbuka hili daima. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, baada ya moto kuwashwa. Hakuna manung'uniko yanayoweza kuhalalisha unyama kama ule. Mwaka huo huo, ripoti ya jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuhusu nidhamu na ghasia shuleni ilihimiza ushauri nasaha. Leo sheria inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika halmashauri ya shule. Nafasi hiyo iwe ya kweli. Mwakilishi asiitwe kuhesabu viti tu na kugawa soda.

Mwalimu akitaka kuaminiwa na wanafunzi, ajue majina yetu, asitoboe siri tuliyomwambia, na asitaje deni la mtu mbele ya darasa. Kuna msichana ambaye hukaa nyumbani siku tatu si kwa kukosa pesa, bali kwa aibu ya kusomewa jina lake kwenye gwaride. Deni ni la mzazi na shule. Mtoto hajakopa.

WAJIBU WA MZAZI NA WETU

Mkono mmoja haulei mwana, kwa hivyo nisiwatwike walimu mzigo wote. Mzazi asingoje kuitwa. Akipita karibu na shule akitoka sokoni, aingie asalimie. Ripoti ya mwisho wa muhula aidai, aitazame, aulize. Mtoto akija na mashtaka juu ya mwalimu, asikimbilie kumtukana mwalimu mbele yake. Asikilize upande wa pili kwanza. Na kama yuko Mombasa, amjulishe mwalimu wa darasa ni nani hasa anayemlea mtoto nyumbani, na namba ya simu ya mlezi huyo.

Nasi wanafunzi wenzangu, sisi ndio daraja. Maneno ya shule na ya nyumbani yanapita juu yetu. Barua ifike ilivyoandikwa. Tukiulizwa shuleni mbona tumechelewa, tuseme ni maji, ni njaa au ni uzembe, kulingana na ukweli. Mwalimu hawezi kutibu ugonjwa aliofichwa. Na hizo pesa za kumkodi boda boda, jamani, si afadhali mnunulie seti ya jometri?

TAMATI

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanamwongezea mwalimu kazi. Ni kweli, mwanzoni. Lakini pimeni wenyewe: kazi ya kupiga simu mbili siku ya Ijumaa, na kazi ya kumsaka mtoto aliyeacha shule katika kidato cha pili, ipi ni kubwa? Mzazi aliyewahi kuitwa kwa jema atakuja mbio siku akiitwa kwa baya, naye atakuja kama rafiki wa kusaidia. Yule aliyeitwa kwa mabaya tu atatafuta kisingizio, na mtoto wake atatafuta boda boda.

Kwa hivyo naomba chama chetu cha Kiswahili kianze na jambo dogo. Muhula ujao, wanachama tuwasaidie walimu wa madarasa kuandika barua fupi za Kiswahili kwa wazazi, kila mwanafunzi apate moja, na ndani yake pawe na jambo moja zuri ambalo mwalimu ameliona kwake. Kwa wengine itabidi tutafute kwa tochi, lakini halikosekani. Haba na haba hujaza kibaba.